Mwenye Kipindi Anapogawa Kicheko

Mheshimiwa mwenyekiti, wakufunzi, na nyinyi waigizaji mliojibanza safu ya nyuma mkidhani sitawaona, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kazi ya mchekeshaji wa runinga, yule wa vipande vifupi: dakika nane ni karani, dakika nane zinazofuata ni malkia, kisha ni mama mkwe, na kesho kutwa anaanza upya na skripti nyingine. Ningeweza kuwapitisha kwa majina mengi. Nimeona nichukue moja, nilishike vizuri: Carol Burnett wa Marekani, aliyeongoza kipindi chenye jina lake kwenye kituo cha runinga cha CBS kuanzia Septemba 1967 hadi Machi 1978. Misimu 11.

Wachekeshaji wengi tunawakumbuka kwa walivyochekesha. Huyu mimi namkumbuka zaidi kwa alivyowaachia wengine wachekeshe, tena kwenye kipindi ambacho angeweza kujilimbikizia kila mstari mzuri na asiwepo wa kumuuliza. Nina hakika hiyo ndiyo iliyompa umri mrefu kazini, na maneno yangu yote leo yanazunguka hapo.

Alizaliwa San Antonio, Texas, mwaka 1933. Wazazi wake wote wawili walikuwa walevi, na aliyemlea ni bibi yake, katika chumba kimoja cha kupanga huko Hollywood. Fedha haikuwapo, ila sinema walikwenda kila walipopata upenyo. Mtakapomwona anavuta sikio mwishoni mwa kipindi, alikuwa anamsalimu huyo bibi. Alipoingia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, nia yake ilikuwa uandishi wa habari. Akajiunga na darasa la uigizaji, akasimama mbele ya watu, watu wakacheka, na uandishi wa habari ukaishia hapo.

Mwaka 1954 yeye na wanafunzi wenzake walialikwa kutumbuiza kwenye karamu San Diego. Bwana mmoja mwenye uwezo alimwona, akamuuliza anataka nini maishani. Akajibu kwamba anataka kwenda New York kuigiza, ila hana nauli. Yule bwana akamkopesha dola 1,000 kwa masharti: alipe baada ya miaka mitano bila riba, asimtaje jina kwa mtu yeyote, na akifanikiwa naye awasaidie wengine. Deni alilipa miaka mitano ilipotimia. Jina hajalitaja mpaka leo.

New York ilimpokea kama miji mikubwa inavyopokea wasanii. Alikaa kwenye hosteli ya mabinti waigizaji iliyoitwa Rehearsal Club. Kila wakala aliyemwendea alimwambia, nenda, ukipata mahali unapoigiza niite nije nikuone. Na hakuna aliyekuwa tayari kumpa mahali pa kuigiza bila wakala. Mzunguko huo mnaujua, wengine mko ndani yake sasa hivi. Alichofanya ni kuwakusanya wenzake wa hosteli, wakaandaa onyesho lao wenyewe mwaka 1955, wakakodi ukumbi, wakawapelekea mialiko mawakala na maprodyuza wa mji: mlisema tuwaite, haya, tumewaita. Na walikuja. Angalieni kwamba hata siku hiyo, alipokuwa na njaa ya kuonekana kuliko wakati mwingine wowote, hakuandaa onyesho la Carol Burnett. Aliandaa onyesho la hosteli nzima.

Mwaka 1959 mambo mawili yalikuja pamoja: mchezo wa kuimba wa Once Upon a Mattress, uliompandisha hadi Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo ya kuigiza za New York, na nafasi ya kudumu kwenye kipindi cha runinga cha Garry Moore. Jukwaa la Broadway lilimpa jina. Elimu aliipata kwa Moore.

Amesimulia mara nyingi jambo alilolikuta pale. Siku ya kusoma skripti mezani, Moore alikuwa anafika kwenye mstari mtamu ulioandikwa kwa ajili yake mwenyewe, anasimama, anawaambia waandishi wampe Carol, au wampe Durward Kirby, mwigizaji mwingine wa kipindi, kwa kuwa wao wataupiga vizuri zaidi. Kipindi ni chake, jina ni lake, mshahara mkubwa ni wake, na bado anautoa mstari. Carol alikuwa kijana, akalitia akilini. Hesabu ya Moore mimi naielewa hivi: mtazamaji akiwa nyumbani hakumbuki nani alisema nini, anakumbuka kwamba wakati wa kipindi cha Garry Moore alicheka. Sifa inarudi kwa mwenye nyumba hata kama aliyepika ni mgeni.

Tuje kwenye mkataba, maana vijana wengi mnasaini bila kusoma. Baada ya kuondoka kwenye kipindi cha Moore, Carol alifunga na CBS mkataba wa miaka kumi. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha pekee: katika miaka mitano ya kwanza, yeye akitaka, kituo kilazimike kumpa vipindi 30 vya saa moja moja vya vichekesho na muziki. Miaka ikapita. Kifungu kikasahaulika. Wiki ya mwisho ya mwaka wa tano, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, Carol na mumewe Joe Hamilton, aliyekuwa prodyuza, wakapiga simu kwa mkubwa wa vipindi wa CBS. Yule bwana hakukumbuka kitu, akaenda kuwauliza wanasheria. Aliporudi kwenye simu alijaribu kumgeuza. Kwa jinsi Carol anavyosimulia, alimwambia kwamba vipindi vya namna hiyo ni kazi ya wanaume, akamtajia wanaume waliotangulia, akamwambia kuna tamthilia nyepesi ya vichekesho ambayo ingemfaa zaidi. Carol akashikilia kifungu. Hakupiga kelele wala hakwenda magazetini. Karatasi ilikuwa imeandikwa na muda ulikuwa haujaisha, basi. Mkienda nyumbani leo someni mikataba yenu, hasa kurasa za katikati.

Kwa hiyo Septemba 1967 akaanza, na la kwanza lilikuwa kupata watu.

Harvey Korman alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye kipindi cha Danny Kaye. Carol alimtaka mno. Anasema alimwona kwenye maegesho ya magari ya CBS, akamvamia, karibu ambandike kwenye boneti ya gari, akimsihi aje. Vicki Lawrence yeye alikuwa bado msichana wa shule. Gazeti la kwao lilikuwa limeandika kwamba anafanana na Carol Burnett, akamwandikia barua akaambatanisha kile kipande cha gazeti. Barua kama hizo mtu maarufu hupata gunia zima. Carol alikuwa mjamzito, amekaribia kujifungua, na bado alikwenda kumwona binti huyo kwenye mashindano ya urembo ya mji wake. Akamchukua. Hakuwa na uzoefu wowote, na miaka ya mwanzo alionekana hivyo, alicheza nafasi ya mdogo wake Carol na si zaidi. Wakamvumilia. Korman alikaa naye akimfundisha kazi, namna ya kushika kifaa mkononi, namna ya kusubiri kicheko kiishe kabla ya kusema.

Halafu, mwaka 1974, waandishi wawili, Dick Clair na Jenna McMahon, wakaleta kipande kuhusu familia moja yenye ugomvi usiokwisha: mama mzee mwenye ulimi wa pilipili, binti yake Eunice ambaye ndoto zake zote zimekufa, na mume wa Eunice, Ed. Waandishi walikuwa wamemwandikia Carol nafasi ya Mama. Ndiyo iliyokuwa na mistari mikali, ndiyo iliyokuwa imenona. Carol akasoma, akasema yeye anamtaka Eunice, kwa sababu Eunice alimkumbusha watu wa nyumbani kwao. Na Mama je? Akasema mpeni Vicki.

Tulieni kidogo hapo. Vicki Lawrence alikuwa na umri wa miaka 24. Ni mdogo kwa Carol kwa miaka 16. Anapewa kuwa mama yake! Wakamtia nywele za mvi na nguo zilizojazwa pamba hadi akawa ajuza, na ile sauti ya Kusini ya Marekani, ambayo Carol ndiye aliyeileta kwenye mazoezi na waandishi wakanuna, ikawa ndiyo roho ya familia yote. Kwa miaka iliyobaki binti aliyekuja kwa barua akawa anamnyang'anya bosi wake kicheko kila familia hiyo ilipotokea, na bosi ndiye aliyempa panga. Mwaka 1983 Mama akapata kipindi chake mwenyewe, Mama's Family, Vicki akiwa nyota. Mnaweza kunitajia wangapi waliowahi kuwapa wenzao nafasi ya kukua hadi wakahama nayo? Mimi nimewaona wengi zaidi waliofuta mistari ya wenzao usiku wa kuamkia kurekodi. Sitawataja, wengine ni marafiki.

Sasa fundi wa mavazi, mtu ambaye vikundi vyetu humfikiria mwisho, fedha ikibaki. Bob Mackie alivalisha kipindi kizima, wiki hadi wiki, kwa misimu yote. Kuna mhusika anayeitwa Bi Wiggins, katibu muhtasi wa ofisi ya Bwana Tudball, na Tudball alichezwa na mchekeshaji Tim Conway. Awali Bi Wiggins alifikiriwa kuwa kikongwe. Mackie akasema vikongwe wamekuwa wengi, tumfanye mwanamke anayejipenda, ila kichwani hamna kitu. Akamletea sketi nyeusi ya kubana. Carol akaivaa, nyuma ikalegea, ikaning'inia, maana hakuwa na mwili wa kuijaza. Akamwambia Mackie aipunguze. Mackie akakataa: akamwambia akisukumie kiuno nyuma, aijaze mwenyewe. Carol akafanya hivyo, na papo hapo Bi Wiggins akazaliwa: mgongo umepinda, makalio yamebaki nyuma kana kwamba yana safari nyingine, hatua fupifupi, kucha ndefu ambazo haziruhusu kubonyeza kitu chochote mezani. Hakuna mwandishi aliyeandika ule mwendo. Umetoka kwenye nguo isiyomtosha, na fundi aliyethubutu kumwambia mwenye kipindi hapana.

Mackie huyohuyo ndiye wa lile gauni la pazia. Novemba 1976 filamu ya Gone with the Wind ilionyeshwa kwenye runinga ya kitaifa kwa mara ya kwanza, Marekani nzima ikakaa kuitazama. Siku chache baadaye, tarehe 13, kipindi cha Carol kikatoa mzaha wake. Huo ni ufundi wa kuchagua wakati, mtazamaji bado ana filamu kichwani, huhitaji kumweleza kitu. Kwenye filamu Scarlett, mhusika mkuu, anashonewa gauni kutokana na mapazia. Kwenye skripti Carol alitakiwa ashuke ngazi mapazia yakiwa yamemning'inia ovyo. Mackie akashona gauni zuri kabisa la mahameli ya kijani, lenye nyuzi za dhahabu, ila akaiacha ile fimbo ya pazia ndani yake, imelala mabegani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Korman anamsifia gauni. Carol anajibu kwamba aliliona dirishani akashindwa kuliacha. Kicheko kilianza kabla ya jibu, alipotokea tu juu ya ngazi, wakabaki wanasubiri watu wanyamaze. Gauni hilo sasa liko kwenye makumbusho ya Smithsonian. Sikumbuki kuona skripti iliyopewa heshima hiyo.

Ngoja niseme kuhusu uongozi, kwa sababu kugawa si kuwa laini. Carol amekiri kwamba ilimwia vigumu kuwa bosi wa wanaume wa enzi zile. Wakubwa wa vipindi waliomtangulia, kipande kikiwa kibaya, waliwaambia waandishi wazi kwamba kinanuka. Yeye aliwaita chini, akasema, mimi hapa sipatii, hebu nisaidieni. Wapo watakaosema huo ni unyonge. Labda. Waandishi walikwenda wakaandika upya bila kununa, na kipande kikapona.

Lakini siku Korman alipokuja studio amekunja uso na kumwonyesha mgeni wa kipindi utovu wa adabu, Carol alimfukuza kazi. Korman, mtu mzima, mwenye tuzo. Akarudi kuomba msamaha, Carol akampa sharti: kuanzia wiki ijayo atembee kwenye korido akirukaruka na kupiga mluzi. Korman akaja anarukaruka na kupiga mluzi. Carol akambandikia na kibao mlangoni pa chumba chake cha kubadilishia, kikimwita Bwana Furaha. Hakuchelewa kumaliza jambo na hakumvunjia heshima mbele ya mgeni. Mnaoongoza vikundi mnajua jinsi uso mmoja uliokunjwa unavyoweza kuua mazoezi ya wiki nzima.

Kuhusu Tim Conway itabidi mjue kwanza jinsi kipindi kilivyorekodiwa. Ijumaa walifanya kipindi kizima mara mbili, mbele ya hadhira mbili tofauti, kisha wakati wa kuhariri walichagua kilicho bora. Conway, aliyekuwa mgeni wa mara kwa mara tangu mwanzo na mwanakikundi kamili kuanzia 1975, aliitumia nafasi hiyo kwa ujanja. Mara ya kwanza alicheza kila kitu kama kilivyoandikwa. Kisha akamuuliza mwongozaji kama amepata picha zote anazohitaji. Akijibiwa ndiyo, hadhira ya pili ikiingia, Conway anatoa vitu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviona, sio waandishi, sio wenzake.

Tazameni adabu iliyomo kwenye utundu huo. Kazi ya kampuni kwanza iko salama kwenye mkanda, halafu ndiyo unacheza kamari. Siku hizi naona watu wanaanza na kamari. Na kucheka nje ya uhusika nako kumegeuzwa mtindo: mwigizaji anajichekea dakika ya pili ili tuamini kuna kitu cha kuchekesha. Korman, Conway alipomchekesha, hakuwa anafanya hivyo. Alikuwa anapigana. Anauma mdomo, anageuza uso, anajifunika kwa mkono, na mtazamaji anaona mtu anayejitahidi kwa nguvu zote kulinda kazi yake akishindwa. Ndiyo maana tunacheka naye. Na Carol, mwenye kipindi, angeweza kuamuru makosa yale yote yakatwe kwenye uhariri, akabaki na mikanda safi. Aliyaacha yaende hewani.

Kufika 1977 Korman aliondoka kwenda kujaribu kipindi chake. Alikuja Dick Van Dyke, fundi mkubwa, lakini hakukaa, na yeyote aliyeishi kwenye kikundi anajua kwa nini. Mwaka 1978 CBS ilikuwa bado inataka msimu mwingine. Carol ndiye aliyesema inatosha, akipenda kuondoka kabla ya kuombwa aondoke. Baadaye kukaja filamu, tamthilia nzito, Annie ya mwaka 1982, tuzo za kutosha kujaza kabati, na mwaka 2024, akiwa amevuka umri wa miaka 90, alikuwa bado yumo kwenye tamthilia mpya ya runinga.

Kipindi chenyewe kilipata maisha ya pili kwa njia ambayo inawahusu mnaorekodi. Kilipouzwa kurudiwa kwenye vituo vingine, nyimbo ziliondolewa, kikakatwa kikawa cha nusu saa, vipande vya vichekesho tu. Ndivyo kilivyowafikia watoto ambao hawakuwa wamezaliwa 1967. Misimu mitano ya mwanzo, kwa upande wake, ilikwama kwa miongo kadhaa kwenye mvutano wa nani anamiliki haki, na haikutoka rasmi hadi 2015. Waigizaji waliokuwemo wengine walikuwa wamekwisha kufariki. Narudia: kurasa za katikati za mkataba.

Nimeongea sana kwa mtu aliyeitwa kuzungumzia vichekesho. Fundi, tuzimie taa upande huu. Mtakachokiona ni kipande cha daktari wa meno cha mwaka 1969. Conway ndiye daktari, leo ndiyo siku yake ya kwanza kazini, Korman ni mgonjwa wake. Daktari anajichoma sindano ya ganzi mkononi kwa bahati mbaya, na mambo yanaharibika kutoka hapo. Kila mtu humwangalia Conway. Nawaomba mumwangalie Korman kwenye kile kiti, kuanzia pale mguu nao unapokufa ganzi, mhesabu ni mara ngapi anaokoa kipande kwa kutofanya kitu. Tukimaliza nitapokea maswali, na kama Carol alivyokuwa akifanya kila alipofungua kipindi, sijapanga mtu wa kuuliza.